Usingizi ni Deni, Kidonge Hakilipi

Mlinzi wa ghala, muuguzi wa wodi, dereva wa lori na fundi wa kiwanda wote wanamjua adui mmoja, naye ni usingizi wa saa tisa za usiku. Adui huyu hatazami cheo wala mshahara. Kwa hiyo hatustaajabu kusikia wafanyakazi wakiulizana habari za kidonge kimfanyacho mtu akeshe pasipo kusinzia. Tumeona yafaa leo tuseme juu ya kidonge hicho, maana sifa zake zimevuma, na madhara yake hayatajwi.

Dawa yenyewe yaitwa modafinili. Ilitokana na kazi ya wataalamu wa Ufaransa katika miaka ya 1970, na Marekani iliikubali Desemba 1998. Ilikusudiwa wagonjwa wa nakolepsia, yaani watu washikwao na usingizi mchana, hata katikati ya mazungumzo, ijapokuwa usiku walilala. Wagonjwa hao, tangu miaka ya 1930, walikuwa wakipewa amfetamini, dawa ambayo imewatia wengi katika mazoea yasiyoachika. Kwao modafinili ilikuwa nafuu kubwa, na hatupendi mtu awadharau kwa kuimeza.

Mwaka 2004 Marekani iliongeza makundi mawili: wale wakatikao pumzi usingizini, na wale ambao kazi za zamu zimewaharibia usingizi hata wakawa wagonjwa. Lakini mwaka 2010 shirika la dawa la Ulaya lilipima faida na hasara, likashauri dawa hii ibaki kwa nakolepsia peke yake. Ikiwa wakuu wa dawa wenyewe hawakukubaliana, sembuse sisi tunaosikia habari vijiweni?

Madhara yake ya kawaida ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, wasiwasi, kukosa hamu ya chakula, na kukosa usingizi hata ule wa haki. Moyo waweza kwenda mbio na shinikizo la damu kupanda. Yapo na mengine ambayo ni nadra lakini ni ya kuogofya: vipele na malengelenge, ngozi kubambuka, vidonda vya mdomo, kuona mambo yasiyokuwapo, au kuwaza kujiua. Aonaye lolote katika haya na aache kumeza mara moja, aende hospitali bila kungoja kesho.

Dada zetu wana jambo lao la kuangalia. Dawa hii hupunguza nguvu za vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na hali hiyo huendelea mwezi mzima baada ya kuiacha. Tena, mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwaonya madaktari kwamba mtoto aweza kuzaliwa na kilema ikiwa mama aliitumia akiwa mjamzito. Mwanamke asinyamaze mbele ya daktari. Aseme anatumia nini, na kama anataka mtoto.

Aliyeandikiwa dawa hii aifuate kama alivyoagizwa. Kwanza amweleze daktari habari za moyo wake, ini lake, shinikizo la damu, maradhi ya akili aliyowahi kuugua, na kila dawa nyingine anayomeza. Kipimo cha kawaida ni miligramu 200 mara moja kwa siku: asubuhi kwa mwenye nakolepsia, saa moja kabla ya kazi kwa mgonjwa wa zamu. Baada ya saa 15 hivi nusu ya dawa ingali mwilini, kwa hiyo aimezaye alasiri atahesabu mabati usiku kucha. Asiongeze kipimo, asichanganye na pombe, asimgawie mwenziwe, wala asishike usukani kabla hajajua inavyomfanya.

Na je, kweli humwondolea mtu uchovu? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, juu ya wagonjwa 209 wa kazi za zamu, ulionyesha kwamba dawa ilipunguza kusinzia kwao, lakini usingizi mwingi uliendelea kuwasumbua kazini. Hiyo ndiyo siri ya kidonge: hufungua macho, na uchovu ukabaki umejificha nyuma yake. Dereva ajionaye mzima naye ni mchovu ni hatari kwa abiria, kwa wapita njia, na kwa nafsi yake.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Usingizi nao ni deni, na malipo yake ni kulala. Kwa kawaida Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kazi na kazi, na saa 24 katika kila juma. Mwajiri apangaye zamu zisizompa mtu nafasi ya kulala asitazamie kidonge kiisahihishe ratiba yake. Naye mfanyakazi asikubali kuyanunua dukani mapumziko ambayo ni haki yake. Anayesinzia mchana pasipo sababu aende kwa daktari, maana huenda ni mgonjwa. Sisi wengine, ndugu, twendeni tukalale.