"Kinga" au "Hifadhi"? Istilahi ya Peptidi za Ubongo nchini Burundi

Istilahi "peptidi kinga ya neva" ni rahisi kueleweka kama chanjo, iwe kwa mshauri wa sera Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, au kwa mhudumu wa afya Muyinga, ambako Kiswahili huvuka mpaka wa Kobero pamoja na bidhaa. Maana hiyo inapotosha.

Nerinetaidi, mnyororo wa asidi amino 20, haizuii kiharusi. Huingizwa mshipani baada ya damu kuziba ubongoni, ili kutenganisha vipokezi vya glutamati na protini PSD-95, hivyo kukatiza ishara inayoua seli. Katika jaribio la wagonjwa 1,105 lililochapishwa mwaka 2020, asilimia 61.4 ya waliopewa peptidi walipata nafuu nzuri, dhidi ya 59.2 ya wasiopewa. Tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Waliopewa pia alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, hawakunufaika: plasmini inayoamshwa nayo huikatakata peptidi.

Mgonjwa wa shinikizo la damu akiambiwa kuna "kinga", aweza kuacha vidonge vyake akisubiri sindano. "Peptidi hifadhi ya neva" yafaa zaidi, ingawa hifadhi, kwa bahati mbaya, tayari imebeba mbuga za wanyama.