Je, Wajua? Ukurasa Wako wa Kwanza Hauhitaji Hata Bando

Je, wajua kwamba kivinjari cha kwanza duniani kilikuwa pia chombo cha kuandikia? Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, alikiunda mwaka 1990 kwenye kompyuta ya NeXT. Uliweza kusoma ukurasa na kuuhariri papo hapo. Vivinjari vilivyopata umaarufu baadaye viliachana na uwezo huo, na wengi wetu tukabaki wasomaji tu. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa, maana wavuti ilizaliwa ili kila mtu aandike. Kompyuta hiyohiyo ndiyo iliyokuwa seva, yaani iliyotuma kurasa kwa wasomaji, na Berners-Lee aliibandikia onyo kwa wino mwekundu kwamba isizimwe. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN iliikabidhi teknolojia ya wavuti kwa umma bila malipo.

Je, wajua kwamba maelezo ya mwanzo ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, yalikuwa na alama 18 tu? Kichwa cha habari, aya, orodha, kiungo cha kwenda ukurasa mwingine: ukishika hizo, tayari unaweza kuandika wasifu wako, mapishi ya bibi, au bei za vitambaa unavyouza. Wala hakuna kinachofichwa. Kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U pamoja katika vivinjari vingi, utaona maandishi yaliyojenga ukurasa ulio mbele yako. Vijana wengi wa miaka ya 1990 walijifunza hivyo: kufungua ukurasa wa mwenzao, kutazama, kisha kujaribu wao wenyewe.

Mapambo yana lugha yake, CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie wa Norwei mwezi Oktoba 1994. Mwaka 2003 Dave Shea wa Kanada alionyesha nguvu yake kwa mradi wa CSS Zen Garden. HTML ilikuwa ileile kwa wabunifu wote walioshiriki, haikuguswa. Walibadilisha faili la CSS na picha zake tu. Kurasa zilizotokea hazikufanana hata kidogo.

Rangi nazo huandikwa kwa kiasi cha nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255, hivyo unazo rangi 16,777,216 za kuchagua. Baadhi zina majina, na moja hunigusa kila ninapoiandika. Mwezi Juni 2014, Rebecca, binti wa Eric Meyer, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya CSS, alifariki kwa saratani siku aliyotimiza miaka sita. Alipenda sana zambarau. Wataalamu wa wavuti wakakubaliana kuipa zambarau yenye namba #663399 jina rebeccapurple. Baba yake aliomba liwe Rebecca na si Becca, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa amesema kwamba akifika miaka sita ataitwa kwa jina lake kamili. Andika neno hilo katika CSS yako, na kivinjari chochote cha kisasa kitalielewa.

Je, wajua kwamba palikuwa na mji mzima wa tovuti binafsi? GeoCities, iliyoanza Marekani mwaka 1994, iliwapa watu nafasi ya bure katika mitaa yenye majina: wapenzi wa filamu walikaa Hollywood, wa kompyuta SiliconValley, na kila ukurasa ulikuwa na namba kama ya nyumba. Yahoo iliinunua mwaka 1999 kwa hisa za zaidi ya dola bilioni 3, kisha ikaifunga Oktoba 2009. Wahifadhi wa kujitolea waliokoa sehemu kubwa, ila si yote. Kwa hiyo weka nakala ya faili zako nyumbani. Na ukiweza, sajili jina lako mwenyewe linaloishia .tz au .ke: mwenye seva akifunga, unahamishia faili kwingine na anwani yako inabaki ileile.

Kuanza ni leo. Fungua programu yoyote ya maandishi matupu, kama Notepad, andika kichwa na aya moja kwa HTML, hifadhi kwa jina index.html, jina ambalo seva nyingi hulitafuta kwanza mgeni anapobisha hodi. Kisha fungua faili hilo kwa kivinjari. Litafunguka hata kama huna bando, kwa sababu faili limo ndani ya kompyuta yako.