Msanii wa Sauti: Maana na Mipaka ya Istilahi

Neno sauti, lenye asili ya Kiarabu, humaanisha kitokacho kooni mwa mtu na pia kila kinachosikika. Utata huu humkabili mfasiri anayeeleza kazi ya Nyokabi Kariũki wa Kenya. Katika mkusanyo wake wa mwaka 2022, peace places: kenyan memories, aliunganisha kwa mitambo ya kielektroniki usemi wa watu na milio ya mazingira. Akiitwa mwimbaji tu, milio imefutwa. Akiitwa fundi mitambo, usemi umepotea.

Wasukuma wa Shinyanga na Geita wana neno ningi, yaani mtunzi aongozaye ngoma. Katika bugobogobo, ngoma ya kilimo, maneno yake hufuatana na mwendo wa majembe. Lakini ningi hutambulika kwa kutunga na kuongoza watu, si kwa kuunganisha milio iliyonaswa. Hivyo neno hilo halitoshi hapa.

Yafaa basi msanii wa sauti litumike kwa jumla, usemi kwa maneno ya binadamu, na mlio kwa wanyama na vitu. Hapo mtumishi anayeandika kibali, na mwalimu anayefundisha, watajua wanataja kazi ipi.