Msimbo Mmoja, Ngeli Nyingi: Usambazaji wa Zana za JavaScript katika Wiki na Upatanisho wa Kisarufi wa Kiswahili

Ikisiri
Makala haya yanaeleza namna zana za JavaScript zinavyosambazwa na kusasishwa katika wiki za Wikimedia, na yanaonesha kwamba uamuzi unaodhaniwa kuwa wa kiufundi tu huamua pia kama Kiswahili kitaandikwa kwa usahihi katika kiolesura. Hoja kuu ni kwamba msimbo uwe mmoja kwa wiki zote, ilhali ujumbe utengwe na msimbo na uandikwe kwa sentensi kamili.

1.0 Utangulizi
Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni miongoni mwa Wikipedia zaidi ya 300 zinazoendeshwa kwa programu ya MediaWiki. Pamoja na kutumia programu moja, kila wiki ina kurasa zake za JavaScript ambazo huhifadhi zana za kuwarahisishia wahariri kazi. Mfano mashuhuri ni HotCat, ambayo humwezesha mhariri kuongeza, kubadili au kuondoa jamii ya makala bila kufungua matini yote.

2.0 Njia Mbili za Usambazaji
Njia ya kwanza ni kunakili. Msimamizi huchukua msimbo wa wiki nyingine, akaubandika katika wiki yake, kisha akatafsiri maneno yaliyomo ndani yake. Tangu hapo nakala hukatika na asili yake. Kasoro ikirekebishwa kwenye asili, nakala hubaki nayo. MediaWiki ikibadilika, zana huweza kuacha kufanya kazi. Kuisasisha ni kunakili upya, na kunakili upya hufuta tafsiri. Jumuiya yenye mafundi wachache hulazimika kuchagua kati ya zana inayofanya kazi na zana inayosema lugha yake.

Njia ya pili ni kupakia kutoka chanzo kimoja. Wiki huhifadhi maagizo mafupi tu yanayokielekeza kivinjari kuchukua msimbo mahali pengine. HotCat hufuata njia hii: msimbo wake upo Wikimedia Commons, na mipangilio mahususi hubaki katika wiki husika. Marekebisho yakifanywa mara moja, hufika kote. Madhara nayo hufika kote vivyo hivyo. Ndiyo maana tangu mwaka 2018 kurasa za msimbo wa wiki huhaririwa na kundi dogo tu la wasimamizi wa kiolesura.

3.0 Ujumbe na Upatanisho
Njia ya pili huzua swali la kiisimu. Katika nakala, mfasiri angeweza kuunda upya sentensi apendavyo. Katika chanzo kimoja, hupewa nafasi zile tu ambazo msanidi amezitenga. Ichukuliwe zana yenye ujumbe mmoja, “$1 imefutwa”, ambamo $1 hujazwa nomino yoyote:

(1) a. Jamii imefutwa.
    b. *Kigezo imefutwa.
    c. *Ukurasa imefutwa.

Sentensi (1a) ni sahihi kwa bahati tu, kwa kuwa kiambishi i- hupatana na ngeli ya jamii. Sentensi (1b) na (1c) zahitaji kimefutwa na umefutwa. Hakuna kiambishi kimoja cha upatanisho kiwezacho kukidhi nomino zote tatu.

MediaWiki ina kipengele cha PLURAL cha kutofautisha umoja na wingi, lakini hakitambui ngeli. Tena, msanidi akikizungushia nomino peke yake, hakitasaidia: jamii haibadiliki umbo, na wingi wake hudhihirika katika kitenzi. Suluhisho ni kila nomino kupewa ujumbe wake, na PLURAL kuzingira sentensi nzima:

(2) a. {{PLURAL:$1|Jamii $1 imefutwa|Jamii $1 zimefutwa}}
    b. {{PLURAL:$1|Kigezo $1 kimefutwa|Vigezo $1 vimefutwa}}
    c. {{PLURAL:$1|Ukurasa $1 umefutwa|Kurasa $1 zimefutwa}}

Utaratibu wa kutenga ujumbe na msimbo si mgeni. Ujumbe wa MediaWiki yenyewe hutafsiriwa katika translatewiki.net, ambako huambatanishwa maelezo ya mahali unapotumika. Zana zinazofuata utaratibu huo husasishwa bila kugusa tafsiri, na tafsiri hurekebishwa bila kugusa msimbo.

4.0 Hitimisho
Chanzo kimoja huondoa tatizo la nakala zilizopitwa na wakati, lakini huhamisha uamuzi wa kisarufi kutoka kwa mfasiri hadi kwa msanidi, ambaye mara nyingi hajui Kiswahili. Sentensi iliyoundwa kwa vipande hugeuka kosa linalosambazwa kila mahali, na mfasiri hana pa kulisahihishia. Kwa sababu hiyo, mchango wa mwanaisimu wa Kiswahili haupaswi kusubiri hatua ya tafsiri. Unahitajika kwenye chanzo, wakati ujumbe unapobuniwa, ambapo hoja moja kuhusu upatanisho yaweza kuzinufaisha pia lugha nyingine za Kibantu zenye mfumo wa ngeli.