Matembezi ya Ishango, Ukingoni mwa Ziwa Edward

Jamaa nyingi za Butembo na Beni hudhani kwamba pwani ni jambo la Mombasa na Zanzibar tu. Kumbe sisi nasi tunayo pwani yetu, ingawa si ya bahari. Pale Ishango, upande wa kaskazini wa Ziwa Edward, mto Semliki watoka ziwani na kuanza safari yake ya kwenda Ziwa Albert, na mwisho maji yake huingia Nile. Ndege wa maji hukusanyika hapo kwa wingi, viboko huoga, na ardhini zimelala habari za watu wa kale ambazo wataalamu wa nchi za mbali wazijua kuliko watoto wetu. Ndiyo sababu twataka kuwaonyesha wazazi jinsi ya kupanga matembezi mepesi ya mahali hapo.

Neno la kwanza ni usalama. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa Beni wameuawa na waasi wa ADF, na Mei 2021 serikali iliweka Kivu ya Kaskazini chini ya utawala wa kijeshi. Barabara ya Beni hata Kasindi imeshambuliwa mara nyingi. Kwa hiyo asitokee baba wa kupakia watoto garini pasipo kuuliza kwanza wakuu wa mahali na ofisi ya hifadhi. Wakikataa, safari haipo, hata kama chakula kimekwisha kupikwa. Twaandika ili siku njia itakapokuwa salama jamaa ziwe tayari, na ili siku za kungoja zisipite bure.

Ishango imo ndani ya Hifadhi ya Virunga, ile ambayo watu wetu huiita parke, iliyoanzishwa mwaka 1925. Basi ruhusa ni lazima, tena yafaa kutembea pamoja na mlinzi. Kiboko humwogopesha mgeni kuliko simba, na haki anayo: usiku hupanda nchi kavu kula majani, na mtu akisimama kati yake na maji, hana huruma. Msitembee alfajiri wala jioni. Saa tatu ya asubuhi ni wakati mwema, kabla jua halijawa kali.

Kutoka Butembo hata Beni ni kilometa 54, na kutoka Beni hata Kasindi ni kama 80. Ishango iko kusini ya barabara hiyo, upande wa ziwa. Wenye wazee na watoto wadogo walale Beni, wasijaribu yote kwa siku moja. Tena watu wa Butembo wakumbuke kwamba wao wamezoea baridi ya meta 1,700 na zaidi, na ziwa liko kwenye meta 900 na kidogo tu. Joto litawashika. Kofia, maji yaliyochemshwa, ndizi na mikate vyatosha. Na kwa watakaolala karibu na ziwa, chandarua.

Matembezi yenyewe yasipite saa moja. Simameni kwanza mahali pa juu: mbele yenu, kusini, ni ziwa, nyuma, mawingu yakiondoka, ni Rwenzori, magharibi ni milima ambako Butembo imekaa. Kisha tazameni kinywa cha mto. Mwisho mwambieni mlinzi awaonyeshe palipochimbwa.

Hapo ndipo pa kukaa kitako na kusimulia. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba hapo akafukua vyusa vya mifupa vya wavuvi wa kale, na pamoja navyo mfupa mdogo, urefu wake kama sentimeta 10, wenye kipande cha jiwe la kwazi nchani. Wataalamu huukadiria umri wa miaka kama 20,000. Ubavuni mwake imekatwa mikato 168 katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19; nyingine 11, 21, 19 na 9. Kila moja ya hizo jumla yake ni 60, na ile ya tatu ni 48. Wengine husema ni hesabu, wengine ni kalenda ya mwezi, na wengine ni mikato ya kushikia tu ili mkono usiteleze. Sisi twaona afadhali mtoto aambiwe maoni yote matatu kuliko kudanganywa kwamba jambo limekwisha kujulikana.

Mfupa wenyewe uko Brussels, na mtoto wa Beni atakaye kuuona kwa macho yake hana budi kuvuka bahari. Hilo latusikitisha. Kwa sababu hiyo pia, mtoto asiokote kitu chochote ardhini pale, hata kipande cha mfupa kisicho na sura: kikiondoshwa mahali pake, habari zake zimepotea.

Na katika kungoja? Mpeni mtoto kijiti na kisu kisicho kikali mno, akate mikato 11, kisha 13, kisha 17, kisha 19, akiacha nafasi kati ya fungu na fungu. Mwulizeni ni namba gani iwezayo kuzigawanya hizo pasipo kubaki kitu. Atajaribu 2, atajaribu 3, ataona hakuna, ila 1 na namba yenyewe. Kisha mwulizeni yule mvuvi wa Semliki alikuwa akihesabu nini. Jibu lake aliandike daftarini, na daftari hilo litiwe mfukoni siku ya safari.