Kompyuta Mbili Juu ya Meza Moja: Ipi Inunuliwe?

Katika miji ya Jinja na Mbale kompyuta ya mezani anayoimudu mwananchi wa kipato cha kawaida mara nyingi si ile iliyotoka kiwandani jana. Ni ile iliyokwisha kufanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za nchi za mbali, ikaondolewa kampuni ilipobadilisha vyombo vyake, ikapakiwa katika kontena pamoja na wenzake, hata ikafika dukani kwetu ikiwa imefutwa vumbi. Si aibu kununua chombo cha namna hii. Kompyuta zilizoundwa kwa ajili ya ofisi kwa kawaida ni imara, na hufunguka bila taabu fundi anapotaka kuzitengeneza. Tabu iko katika kuchagua.

Tuchukue mfano wa mashine mbili zinazoweza kuwekwa mbele ya mnunuzi. Moja ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Ya pili ni HP EliteDesk 800 G4, iliyotoka mwaka 2018. Zote mbili zina kibandiko cha Core i5, na zote huwaka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ya kwanza huenda ikauzwa nusu ya bei ya pili. Mwenye duka atasema kwamba tofauti ni bei tu.

Wanunuzi nao tuwaweke wawili. Mmoja ni mama wa Jinja mwenye chumba cha kupiga chapa na kutoa nakala. Mwingine ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi karibu na Mbale, aliyekabidhiwa fedha zilizochangwa na wazazi ili shule ipate kuandikisha watahiniwa wake kwa Baraza la Mitihani, UNEB, kwa njia ya intaneti. Fedha hizo zikipotea, hakuna zingine. Kwa hiyo hapana budi kila mmoja ajue anachonunua.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba Core i5 ni kama jina la ukoo: halikuambii umri. Umri umo katika tarakimu zinazofuata. Prosesa i5-3470, ambayo hupatikana katika Dell hiyo, ni ya kizazi cha tatu, na ina viini vinne. Prosesa i5-8500, ambayo hupatikana katika HP ile, ni ya kizazi cha nane, nayo ina viini sita. Hata jina la mashine yenyewe laweza kumpotosha mtu. Kampuni ya Dell ilitumia jina OptiPlex 7010 mwaka 2012, kisha ikalitumia tena mwaka 2023 kwa kompyuta nyingine kabisa. Anayeuliza bei katika mtandao bila kutazama mwaka aweza kulinganisha babu na mjukuu.

Jambo la pili ni Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mashine haikuzimika siku hiyo, bali marekebisho ya bure ya usalama yaliyokuwa yakiziba nyufa yalikoma, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda. Windows 11 kwa kanuni zake hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, pamoja na chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0. HP ile yaingia katika kanuni hiyo. Dell ile haiingii. Wako mafundi wanaoisakinisha Windows 11 kwa hila katika mashine za zamani, lakini Microsoft haiahidi kwamba mashine hizo zitaendelea kupata marekebisho. Anayeuziwa mashine ya namna hiyo amenunua nyumba yenye mlango usio na komeo.

Hatari hii ni ya kweli hasa kwa mwenye chumba cha kupiga chapa. Kila mteja huja na flashi yake, na flashi hupita mashine nyingi kabla ya kufika kwake. Virusi kimoja chaweza kufuta kazi za wateja kumi. Kwa mwalimu mkuu hatari ni majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa, na neno la siri la shule.

Je, ile ya zamani haifai kitu? La hasha. Ina fadhila zake. Ukiondoa diski yake ya kuzunguka na kuweka diski ya SSD, na ramu ikafikia GB 8, itaandika barua, itapanga hesabu na kuchapisha bila kusuasua. Mfumo wa Linux Mint, ambao haulipiwi, huenda juu yake vizuri, nao hausumbuliwi na virusi vilivyoundwa kwa ajili ya Windows. Kadhalika, ile yenye umbo la mnara hutumia pawa saplai yenye kiunganishi cha kawaida cha pini 24, ambayo fundi aweza kuipata kwa urahisi, ilhali HP hutumia kiunganishi chake yenyewe. Kasoro ni kwamba nyaraka za Word zikifunguliwa kwa LibreOffice pengine mistari na majedwali husogea, na mteja anayetaka risala yake itoke kama alivyoiandika hatafurahi. Tena ramu ya Dell ni ya aina ya DDR3, na ya HP ni DDR4. Haziingiliani, basi usinunue ramu moja ukitegemea kuihamisha baadaye.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Msomaji aweke za dukani kwake. Tuseme ya zamani ni shilingi 400,000, na SSD pamoja na ramu ni 150,000. Jumla ni 550,000. Ikiwa kwa kazi ya intaneti itakufaa miaka miwili tu, kila mwaka umelipa 275,000. Ile mpya zaidi tuseme ni 800,000, nayo ikufae miaka minne. Kila mwaka umelipa 200,000. Aliyedhani ameokoa fedha ndiye aliyetumia zaidi. Bei ya kompyuta iliyotumika hupimwa kwa miaka iliyobaki ndani yake.

Kuna na suala la umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, lakini kukaa karibu na bwawa hakumkingi mtu na giza. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuibeba. Umeme ukikatika, kazi isiyohifadhiwa imekwenda. Kwa hiyo UPS si anasa, nayo iingizwe katika bajeti tangu mwanzo. Kibandiko cha pawa saplai nacho kisomwe: kionyeshe volti 100 hadi 240, kwa kuwa umeme wetu ni wa volti 240, na mashine nyingine zilitoka katika nchi zenye umeme wa volti 120.

Kabla ya kutoa fedha, yafaa mnunuzi aombe mambo manne. Kwanza, mashine izimwe kabisa kisha iwashwe mbele yake, na saa itazamwe. Saa ikirudi nyuma miaka, betri ndogo ya ndani imekwisha, na tovuti nyingi zitakataa kufunguka. Pili, aingie katika mipangilio ya BIOS. Ikidai neno la siri asilolijua muuzaji, aiache, kwani kulifungua ni kazi ngumu. Tatu, diski ipimwe kwa programu inayoonyesha saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima una saa 8,760, basi diski yenye saa 35,000 imekesha miaka minne. Nne, dhamana iandikwe katika stakabadhi pamoja na namba ya mashine.

Uamuzi wetu ni huu. Mwalimu mkuu achukue ile ya kizazi cha nane, hata ikibidi wazazi wangoje muhula mmoja zaidi, kwa sababu kazi yake haiwezi kutengana na intaneti. Mama wa Jinja aweza kuichukua ile ya zamani iwapo yuko tayari kutumia Linux, na fedha iliyobaki ainunulie SSD na UPS. Lakini ikiwa wateja wake hawataki ila Windows, naye afanye subira aongeze akiba. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na mpishi hutambua hivyo wageni wamekwisha kaa jamvini.