Peni Kubwa ya Uingereza: Sarafu Inayosomwa kwa Jicho na Taa

Je, wajua kwamba peni za Uingereza za mwaka 1933 zinazojulikana leo ni saba hivi tu? Si vita vilivyosababisha, wala si uhaba wa shaba. Peni za miaka iliyotangulia zilikuwa zimejaa tele, na Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha kifalme, hakikuwa na haja ya kuongeza nyingine. Chache zilizopigwa ziligawiwa makumbusho, na baadhi zikawekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo yaliyoanzwa mwaka huo. Mojawapo ilikuwa chini ya kanisa moja la Middleton, mjini Leeds, hadi wezi walipoichimbua mwaka 1970. Kanisa jingine la mji huohuo lilikuwa na peni kama hiyo. Askofu, kwa kuhofia nalo lisivunjwe, akaamuru itolewe na kuuzwa.

Uadimu wa namna hii ndio unaotangazwa magazetini. Hata hivyo, mkusanyaji halisi hutumia muda wake mwingi kwa peni za kawaida, zilizopigwa kwa mamilioni, na huziuliza swali moja: uso uliotoka kiwandani umebaki kiasi gani? Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha sarafu ya bei ya kikombe cha chai na sarafu ya bei ya gari, hata kama zote mbili ni za mwaka mmoja.

Peni ya shaba ilianza kupigwa mwaka 1797 mjini Birmingham, katika karakana ya Soho ya Matthew Boulton, kwa mashine za mvuke alizoziendeleza pamoja na mshirika wake James Watt. Ilikuwa kubwa na nzito, wakia moja kamili, yenye ukingo mpana ulioinuka. Mwaka 1860 ikaja peni nyepesi ya bronzi, yaani shaba asilimia 95, bati asilimia 4 na zinki asilimia 1. Upana wake ulikaribia milimita 31, na peni 48 zilitimia ratili moja. Peni 12 zilikuwa shilingi, na 240 zilikuwa pauni.

Hesabu hiyo ilidumu hadi tarehe 15 Februari 1971, Uingereza ilipoigawa pauni kuwa peni 100. Kabla ya hapo, mtu aliyenunua gazeti London angeweza kurudishiwa chenji yenye kichwa cha Malkia Victoria akiwa bado binti. Sarafu hiyo ilikuwa imepita mikononi mwa watu kwa miaka mia moja, na ndiyo sababu nyingi zimelika hata mwaka hausomeki.

Kulika huko kuna utaratibu wake. Sehemu zilizoinuka zaidi ndizo zinazotangulia. Kwenye kichwa cha Victoria, jicho la mpimaji huenda kwanza kwenye nywele zilizo juu ya sikio. Upande wa pili ameketi Britannia, mwanamke mwenye ngao na mkuki wa ncha tatu. Hapo huangaliwa kofia yake ya vita, kifua na goti. Nyuzi za nywele zikiwa zimeungana na kuwa bapa, sarafu imetembea sana.

Wafanyabiashara wa Uingereza hupanga hali ya sarafu kwa madaraja ya maneno. Daraja la "Nzuri" hupewa sarafu iliyolika waziwazi ila michoro mikuu inaonekana. "Nzuri Sana" ina dalili za matumizi ya kadiri. Ile inayoitwa karibu kamilifu imeguswa kidogo tu kwenye vilele. Na ya juu ni ile ambayo haikuingia kabisa kwenye mzunguko. Wamarekani hutumia namba 1 hadi 70, kipimo kilichobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za kwao. Wazo lake la awali lilikuwa kwamba sarafu ya daraja la 70 iwe na thamani mara 70 ya sarafu ya daraja la 1. Bei zilishika njia nyingine, lakini namba zimebaki.

Mpimaji mzuri lazima pia ajue kiwanda kilikosea wapi. Peni za mwanzo za Mfalme George wa Tano, kuanzia 1911, ni mfano bora. Kichwa cha mfalme, kilichochongwa na Bertram Mackennal, kilihitaji madini mengi kiasi kwamba upande wa Britannia ulipungukiwa. Matokeo yake, kivuli cha kichwa cha mfalme huonekana nyuma ya Britannia, na Britannia mwenyewe hukosa makali. Asiyejua husema sarafu imechakaa, kumbe haijawahi kuingia sokoni. Kichwa kilirekebishwa mwaka 1926, kisha kikapunguzwa ukubwa mwaka 1928, na kivuli kikatoweka.

Vivyo hivyo kwa rangi. Peni za 1944 hadi 1946 ziliwekwa dawa kiwandani zitoke nyeusi, ili watu wasizifiche kwa sababu ya kung'aa. Anayeisugua ili "kuirudishia" wekundu wa shaba anaondoa kile ambacho kiwanda kilikusudia.

Kusugua ndilo kosa kubwa kuliko yote. Sarafu inapopigwa chapa, madini hutiririka kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho matupu. Mistari hiyo ndiyo inayozalisha mng'ao unaozunguka kama spoki za gurudumu sarafu inapogeuzwa chini ya taa. Dawa ya kung'arishia shaba, limau na majivu, au kitambaa kikavu tu huifuta kwa dakika moja. Uso mpya unaobaki unameta, lakini mng'ao wake umekufa, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Hapa ndipo kamera inapofanya kazi ambayo maneno hayawezi. Sarafu hulazwa, na lenzi hukaa juu yake sambamba kabisa, kwani kamera ikiinama kidogo duara hugeuka yai. Simu inafaa ikishikwa na stendi imara na kupigwa kwa kipima muda, ili kidole kisiitikise. Taa mbili ndogo za pembeni, zilizoinuliwa juu, huonyesha mng'ao. Taa iliyolazwa chini hukuza kila mkwaruzo, na mwanga laini mno huficha yote. Kwa bronzi nyeusi, wapiga picha hutega kioo angavu kwa pembe ya nyuzi 45 kati ya lenzi na sarafu, ili mwanga ushuke wima na kurudi wima. Nywele na herufi hutokeza wazi. Kwa hiyo mnunuzi makini huomba picha zaidi ya moja, kwa mwanga tofauti.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Herufi ndogo H karibu na mwaka kwenye baadhi ya peni, kwa mfano za 1876 na 1912, ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Kiwanda hichohicho kilipiga sarafu za Mombasa za mwaka 1888, zilizotolewa na kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani wakati huo. Na Mfalme Edward wa Nane, aliyeachia kiti Desemba 1936 kabla peni yake haijaingia sokoni Uingereza, jina lake lipo kwenye senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki za mwaka huo. Sarafu hizo zilikuwa na tundu katikati, hivyo hazikuhitaji sura ya mfalme.

Basi msomaji, ukikuta sarafu za babu kwenye mkebe, usizioshe wala kuzisugua. Zishike kwa ukingo, kwa kuwa jasho la vidole huacha alama za kudumu. Zitenge moja moja katika bahasha za karatasi, mahali pakavu, mbali na unyevu wa chumvi wa pwani. Zipige picha pande zote mbili, kisha tafuta maoni ya zaidi ya mtu mmoja kabla ya kuuza.